Mfalme Sverre wa Norwei: kiti alikipata, utulivu hakuupata

Ndugu zangu, wazee shikamooni, na wengine wote habari za jioni. Nimeombwa niongee kidogo kuhusu historia ya hii nchi tunayoishi, na nikaambiwa chagua mtu mmoja tu maana ukianza kuwataja wafalme wote wa Norwei tutakesha hapa. Nimemchagua Sverre. Sverre Sigurdsson, alitangazwa mfalme 1177 akafa 1202, ila wapo wanaohesabu utawala wake kuanzia 1184 kwa sababu mpaka mwaka huo kulikuwa na mfalme mwingine ndani ya nchi hiyo hiyo, ana taji kichwani na askofu mkuu nyuma yake. Hapo tu mshaona tatizo lilipo.

Jambo ninalotaka mlishike leo ni moja. Njia aliyopitia Sverre kuufikia ufalme ndo njia hiyo hiyo waliyopitia wote waliokuja kumsumbua mpaka anakufa, na hakuwa na namna ya kuwazuia bila kujizuia yeye mwenyewe kwanza. Ukilielewa hilo vita vyote vile vinakaa sawa kichwani, usipolielewa utaona majina tu, Magnus huyu, Magnus yule, Sigurd watano.

Twende kwenye sheria yenyewe. Zamani hapa Norwei mtoto yeyote wa kiume wa mfalme alikuwa na haki ya kudai ufalme, awe wa ndani ya ndoa au wa nje, mkubwa au mdogo, na wakielewana wanaweza kutawala wawili au watatu kwa pamoja. Sasa si mnajua wenyewe mzee akifariki ana watoto wa mama tofauti na hajaacha wosia, kinachotokea pale nyumbani mnakijua, basi hapa urithi ni nchi nzima na kila mtoto ana wajomba wenye meli na mapanga. Mfalme Sigurd Jorsalfare, yule aliyeenda mpaka Yerusalemu, akafa 1130. Aliacha mtoto, Magnus. Lakini kulikuwa na jamaa ametoka Ireland anaitwa Harald Gille, anasema yeye ni mtoto wa mfalme Magnus Berrføtt, yani ni ndugu yake Sigurd, na alishapimwa kwa kutembezwa miguu mitupu juu ya vyuma vya majembe vilivyochomwa moto, miguu ikaonekana imepona ikahesabiwa Mungu amemshuhudia. Wakatawala wote wawili, wakagombana, 1135 Harald akamkamata Magnus akamtoboa macho, na mwaka uliofuata Harald nae akauawa usiku hapa Bergen na mtu mwingine, Sigurd Slembe, ambae nae alikuwa anadai ni mtoto wa Magnus Berrføtt huyo huyo. Watoto wa Harald wakatawala kwa pamoja wakiwa wadogo, wakakua, wakauana. Sigurd Munn 1155, Øystein 1157, Inge 1161. Mkumbuke huyo Sigurd Munn, tutarudi kwake.

Baada ya hapo anakuja mtu mwenye akili nyingi sana, Erling Skakke. Yeye si mtoto wa mfalme, ila mke wake Kristin ni binti wa Sigurd Jorsalfare, kwa hiyo mtoto wao Magnus Erlingsson ana damu ya kifalme kupitia mama. Kwa desturi ya zamani hiyo haitoshi hata kidogo, lazima baba ndo awe mfalme. Erling akafanya nini, akaenda kuelewana na Kanisa. Askofu mkuu Øystein Erlendsson wa Nidaros, ndo Trondheim ya leo, akamvika taji huyo mtoto akiwa na miaka 7 hivi, hapa hapa Bergen, na hakuna mfalme wa Norwei aliyewahi kuvikwa taji na Kanisa kabla yake. Ikatoka na sheria mpya, kwamba mfalme awe mmoja, mtoto wa ndoa, na maaskofu wawe na sauti kubwa kwenye kumchagua.

Sasa tulieni hapa. Kwa sheria ya zamani Magnus hana haki maana baba yake hakuwa mfalme. Kwa sheria mpya Sverre hana haki maana hata tukikubali baba yake ni mfalme, mama yake hakuolewa nae. Kila mmoja ana sheria inayomfanya yeye kuwa halali na mwenzake kuwa mwizi wa kiti, na kila mmoja anaamini kwa dhati. Ndo mana sipendi nikisikia watu wanasema watu wa kale huku walikuwa wanapenda damu tu. Walikuwa na swali la kisheria ambalo halikuwa na jibu moja, na wakalijibu kwa njia waliyokuwa nayo.

Sverre mwenyewe alikulia Visiwa vya Faroe, mbali kabisa baharini huko, kwa askofu Roe wa Kirkjubøur ambae ni ndugu wa Unas, mume wa mama yake. Akasomeshwa akawa padri. Hilo la upadri msilipite haraka, manake ndo lilimpa elimu iliyomsaidia maisha yake yote. Kwa maelezo yake, mama yake Gunnhild alienda kuhiji Roma, akaungama huko kwamba baba halisi wa mtoto si Unas bali ni mfalme Sigurd Munn, akaambiwa amwambie mtoto ukweli, akarudi akamwambia. Wanahistoria wengi wanalitilia shaka, na sababu yao ni nzito. Sigurd Munn alizaliwa 1133, na kwa sheria ya Kanisa mtu alitakiwa awe na miaka 30 ndo awe padri. Sverre alifika Norwei 1176 akiwa padri tayari, ukipiga hesabu Sigurd angekuwa na miaka 13 hivi wakati huyo mtoto anazaliwa. Wengine wanajibu kwamba kule visiwani masharti ya umri hayakuwa yanafuatwa sana. Mimi nikiulizwa nasema hivi, hakuna mtu anaweza kuthibitisha leo, na hata wakati ule hakuna aliyeweza, na hicho ndo kiini chake.

Alivyofika bara hakuwa na mtu. Kulikuwa na kundi la waasi wanaitwa Birkebeiner, watu masikini wa porini mpaka walikuwa wanajifunga magome ya mti miguuni badala ya viatu na nguo nzuri. Kiongozi wao, Øystein Møyla, nae alikuwa anadai ukoo wa kifalme, akauawa vitani kule Re mwanzoni mwa 1177, waliobaki wakakimbilia Värmland upande wa Uswidi. Hapo ndo wakakutana na Sverre. Masimulizi yanasema alikuwa na watu 70 tu pale mwanzo, na kwamba yeye hakutaka, wakamlazimisha. Mwaka huo huo akapeleka watu wake Trøndelag, eneo la Trondheim, akatangazwa mfalme kwenye baraza la Øreting, afu wakafukuzwa tena, wakapita milimani kwenye dhoruba ya theluji, farasi wakafa, watu wanakula theluji. Walioishi huku wanajua mlima wa Norwei ukikasirika ukoje hata leo na makoti tuliyonayo, sasa fikirieni watu wale.

Kilichowabakiza nae kwa maoni yangu ni vitu viwili. Kwanza alikuwa anajua kupigana vita vya mtu mwenye watu wachache, anatokea pasipotarajiwa, anaondoka kabla hajazungukwa, haoni aibu kukimbia. Pili alikuwa anawapa watu wale sababu. Kabla ya vita vya Kalvskinnet pale Trondheim, tarehe 19 Juni 1179, aliwaahidi kwamba atakaeua mkubwa wa cheo fulani upande wa pili basi yeye ndo atachukua cheo hicho. Mtu wa magome ya mti anaambiwa kesho unaweza kuwa bwana mkubwa! Siku hiyo Erling Skakke akauawa, yule baba, ubongo wa upande mzima. Sverre akasimama kaburini akatoa hotuba, na ninyi mliokuja kusikia hotuba hii itawapendeza. Akasema nyakati zimegeuka, mtu mmoja sasa amekaa mahali pa watatu, pa mfalme, pa jarl, yani bwana mkubwa wa chini ya mfalme, na pa askofu mkuu, na mtu huyo ni mimi. Afu akamkumbusha kila mtu kwamba askofu mkuu alikuwa ameahidi kila atakaekufa akimpigania Magnus roho yake itakuwa peponi kabla damu yake haijapoa, kwa hiyo tufurahi, watakatifu wamekuwa wengi leo. Ndo maneno yenyewe yalivyosimuliwa. Mtu aliyesomea upadri anamshika askofu mkuu kwa maneno yake mwenyewe mbele ya umati.

Magnus alikimbilia Denmark akarudi, akashindwa, akakimbia, akarudi tena, miaka inakwenda. Mpaka tarehe 15 Juni 1184, Fimreite, ndani ya Sognefjord. Hapa nitakaa kidogo. Magnus ana meli 26, Sverre ana 14. Sverre ana meli moja kubwa mno, Mariasuda, iliyojengwa Trondheim, ikarefushwa katikati ya ujenzi mpaka maungio yake yakawa na wasiwasi. Magnus akafunga meli zake pamoja kwa kamba, ilikuwa ni desturi, unatengeneza kama uwanja mmoja wa kupigania juu ya maji. Sverre akaziacha zake huru. Mariasuda ikapigwa na upande mzima wa Magnus kwa muda mrefu, watu wake wakateseka sana, lakini wakati huo meli ndogo za Birkebeiner zinazunguka zinashambulia zile za mwisho mwisho za Magnus moja baada ya nyingine, watu wakishindwa wanarukia meli ya jirani, ile nayo inajaa, wanarukia nyingine, mpaka meli zinazama kwa uzito wa watu wenyewe. Masimulizi yanasema walikufa zaidi ya 2000. Mfalme Magnus akazama, ana miaka 28 tu. Walivyoupata mwili Sverre akauleta hapa Bergen akamzika kwa heshima kwenye Kanisa la Kristo, na waliosalimika wakiomba amani wakapewa. Mimi hilo la kumzika adui kwa heshima naliheshimu sana, alijua huyu alikuwa mfalme kweli machoni pa nusu ya nchi.

Sasa mtu angefikiri imeisha. Mpinzani amekufa, nchi yote mkononi. Mwaka uliofuata tu, 1185, linatokea kundi la waasi wanaitwa Kuvlungene na kijana Jon aliyetolewa kwenye nyumba ya watawa, wanasema ni mtoto wa mfalme Inge. Wakapigana nae mpaka 1188 alipouawa Jon. Baada yake kundi la Varbelgene na mtoto mdogo anaeitwa Vikar, wanasema ni mtoto wa Magnus. Halafu 1193 kundi la Øyskjeggene kutoka visiwa vya Orkney na Shetland, wana kijana Sigurd, nae wanasema mtoto wa Magnus, na jarl Harald Maddadsson wa Orkney amewaunga mkono. Hao akawamaliza Florvåg, hapo Askøy ng'ambo ya maji, Aprili 1194, na mwaka uliofuata akamnyang'anya jarl yule Shetland nzima. Kila kundi lina mtoto wa mfalme wake. Na Sverre angewaambia nini? Mtoto wa nje hana haki? Yeye ni nani? Leteni ushahidi? Yeye alileta upi? Alichobaki nacho ni kuwashinda, na akawashinda mmoja mmoja, ila kila ushindi ulikuwa unamwonyesha mwingine kwamba njia iko wazi.

Upande wa ndugu alijitahidi. Alimpata Cecilia, binti wa Sigurd Munn, akamkubali kama kaka, na ndoa yake na Bård wa Rein ikamfungia ukoo mkubwa wa Trøndelag. Akatokea na Eirik, anasema nae ni mtoto wa Sigurd Munn, akabeba chuma cha moto akapita, na Sverre alimruhusu kwa sharti asidai ufalme. Muone uangalifu huo. Anahitaji ndugu, na anaogopa ndugu.

Halafu Kanisa. Askofu mkuu Eirik Ivarsson na yeye waligombana kuhusu mambo ya malipo ya faini, nani mwenye mamlaka juu ya makanisa yaliyojengwa na watu binafsi, na hata idadi ya walinzi wenye silaha anaotakiwa kuwa nao askofu mkuu. Yanasikika madogo lakini ndani yake swali ni nani bosi. 1190 Eirik akakimbilia Lund, wakati huo ni Denmark, akapata upofu huko na akaendelea kupambana nae kwa barua. Sverre akawalazimisha maaskofu waliobaki wamvike taji hapa Bergen tarehe 29 Juni 1194, maaskofu hao nao wakatengwa na Kanisa kwa hilo. Papa Innocent III alipoingia 1198 akaiwekea nchi marufuku ya ibada kwenye sehemu zinazomtii Sverre. Na mmoja wa maaskofu waliomvika taji, Nikolas Arnesson, akageuka, 1196 akaanzisha kundi kule Skåne linaitwa Bagler, maaskofu, matajiri wa Viken, eneo la kusini mashariki, na mtoto mwingine wa Magnus, Inge. Hili lilikuwa baya kuliko yote yaliyotangulia. Lilikuwa na hela, lilikuwa na dini, lilikuwa na upande mzima wa mashariki. Waliichoma Bergen 1198.

Jibu la Sverre kwa Kanisa mimi ndo linanivutia kuliko vita vyote. Aliagiza iandikwe hoja, inaitwa Hotuba dhidi ya maaskofu, kwa lugha ya kwao ya Kinorse ili watu waelewe, na ndani yake wanatumia sheria za Kanisa lenyewe kuonyesha kwamba mtu akitengwa bila haki kutengwa kule hakumshiki. Na kabla ya hapo, kuanzia 1185, alimkalisha abate Karl Jónsson kutoka Iceland aandike habari zake, na utangulizi unasema wazi mfalme mwenyewe alikaa nae akaamua nini kiandikwe. Kwa hiyo mkisoma habari za Sverre mkumbuke mnasikia upande wa Sverre. Nasema hivi sio kumpunguza. Mtu asieweza kuonyesha cheti cha baba alijua kwamba ufalme wake utasimama kwa maneno kama ulivyosimama kwa panga, akafanya kazi hiyo vizuri mpaka leo miaka 800 imepita bado tunamsikia yeye kwanza. Mjukuu wake, mfalme Håkon Håkonsson, akiwa mgonjwa wa kufa kule Kirkwall 1263 alisomewa vitabu, Kilatini kikamchosha, wakamsomea habari za wafalme wa Norwei mpaka wakamaliza na za Sverre, na usiku huo huo akafariki.

Ngoja niwape na hotuba moja ya hapa mjini, ya 1186. Wafanyabiashara wa Kijerumani walileta mvinyo mwingi mpaka ukawa bei ya pombe ya kawaida, watu wakalewa, fujo, watu wakafa. Sverre akaita mkutano. Akawashukuru Waingereza kwa kuleta ngano, asali, unga na nguo, akawashukuru watu wa Orkney, Shetland, Faroe na Iceland kwa vitu vya maana wanavyoleta, akawaambia Wajerumani nyie mnabeba samaki wakavu na siagi yetu mnatuachia ulevi, ondokeni. Afu akaanza kueleza pombe inavyomaliza mtu, mali inaondoka, afya, kumbukumbu, anatamani maovu yote, mwisho roho. Ni mfalme katikati ya vita anaongea kama mzazi, na ndo mana watu wa kawaida wa mji waliweza kumsikiliza.

Mwisho wake ulikuwa Tønsberg. Bagler chini ya Reidar Sendemann walikuwa wamejifungia kwenye mwamba pale juu, Sverre akawazingira kuanzia vuli ya 1201, wiki zinapita, wanakula kamba za ngozi za walrasi, mpaka mwanzoni mwa 1202 wakajisalimisha. Watu wake walitaka wauawe. Akakataa, akawasamehe akawatunza, ingawa wengine walikuwa wamechoka kiasi kwamba walikufa tu. Na yeye mwenyewe alishaugua pale pale. Akaletwa Bergen, akafa tarehe 9 Machi 1202 bado ametengwa na Kanisa. Kabla hajafa alisema ufalme umempa taabu na vurugu na kazi kuliko raha. Akaagiza uso wake uachwe wazi akishakufa, maadui waje waangalie kama laana ya maaskofu inaonekana juu yake. Mnaona, mpaka maiti yake ameiweka kama hoja. Alizikwa Kanisa la Kristo hapo Bergenhus, lile lilibomolewa 1531, kaburi halipo tena. Kwa mwanae Håkon aliacha barua, apatane na Kanisa.

Håkon akapatana nalo mara moja, ila akafa tarehe 1 Januari 1204, watu wakasema amewekewa sumu na wakamnyooshea kidole Margrete, mjane wa Sverre. Akawekwa Guttorm, mtoto wa miaka minne, nae akafa mwaka huo huo. Akawekwa Inge Bårdsson, mtoto wa yule Cecilia. Na huku nyuma kulikuwa na kachanga ka Håkon kalikozaliwa 1204 baada ya baba kufa, ndo kale kalikobebwa na Birkebeiner wawili kwa ski wakati wa baridi ya 1206 wasikapate Bagler, na ndo sababu ile mashindano ya ski ya Rena mpaka Lillehammer kila mshiriki anabeba mzigo wa kilo 3.5 mgongoni. Kale katoto ndo Håkon Håkonsson. Akachaguliwa 1217, na mwaka uliofuata mama yake Inga wa Varteig akabeba chuma cha moto hapa Bergen kuthibitisha baba. Yani kizazi cha tatu na bado mwanamke anaunguzwa mkono kwa swali lile lile la 1130, huyu ni mtoto wa nani. Mpinzani wa mwisho, Skule Bårdsson, aliyekuwa ndugu wa mfalme Inge na baba mkwe wa Håkon mwenyewe, alijitangaza mfalme 1239 akauawa 1240 kwenye nyumba ya watawa ya Elgeseter.

Afu 1260 Håkon, ambae mwenyewe alikuwa mtoto wa nje, akapitisha sheria kwamba mfalme ni mmoja, anarithi mtoto mkubwa wa ndoa. Mkiisoma utaona sehemu kubwa ni kile kile alichokitaka Erling Skakke zaidi ya miaka 90 nyuma, kile ambacho Sverre alipigana maisha yake yote kukiangusha, na kimewekwa na mjukuu wake wa damu. Mwanae Magnus Lagabøte akapokea ufalme 1263 na hakuna aliyenyanyua upanga kumpinga.

Muda wangu naona umeisha, maswali karibuni, na yule aliyeniuliza pale mlangoni kuhusu Margrete tafadhali aanze.